Kodi Iliyoliwa Kabla Sijanunua Nyumba

Siku ya kwanza nilipokwenda Gongo la Mboto nikiwa mwenye nyumba, na si tena mnunuzi wa kuzungushwa na madalali, nilibeba kaunta buku mpya na kalamu mbili. Ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa Oktoba 2019. Nilikusudia kuwapitia wapangaji chumba kwa chumba, nijitambulishe, kisha niandike jina la kila mmoja na tarehe ambayo kodi yake ingekwisha. Mpangaji wa chumba cha kwanza kulia, mama wa makamo anayeuza chapati na maharage karibu na stendi, alinikaribisha kwa heshima, akaniwekea kigoda koridoni, akaingia ndani na kutoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa risiti ya kuandikwa kwa mkono, na chini yake ilikuwepo sahihi niliyoifahamu vizuri, kwa sababu wiki mbili kabla nilikuwa nimeiona kwenye mkataba wangu wa kununua nyumba.

"Mama, mimi nimeshalipa hadi mwisho wa Februari," aliniambia kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba.

Alikuwa amelipa Septemba, miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya kupanga Dar es Salaam. Nilihamia mlango wa pili nikakuta mwingine aliyelipa hadi Januari, wa tatu hadi Februari, wa nne hadi Machi. Chumba cha tano kodi yake ilikuwa inaisha mwezi uleule, na cha sita kilikuwa kitupu. Nilikaa tena kwenye kile kigoda nikapiga hesabu: kuanzia Novemba, muuzaji alikuwa ameshachukua kodi ya jumla ya miezi 16 ya vyumba vyangu, na kwa kuwa kila chumba kilikuwa shilingi 45,000 kwa mwezi, hizo zilikuwa shilingi 720,000. Mkataba wetu haukusema neno hata moja kuhusu fedha hizo. Yeye alikuwa amekwisha kusafiri kwenda kwao mkoani, na nilipompigia simu alinijibu bila hasira kwamba aliuza nyumba, hakuuza kodi. Wapangaji nao walikuwa na risiti halali mikononi, na sikuwa na sura ya kumwambia mama wa watu alipe mara mbili kwa sababu mimi sikuuliza swali moja kabla ya kusaini.

Naieleza habari hii kwa kuwa wengi wanaoniomba ushauri wa kununua nyumba ya kupangisha huanza na bei ya kiwanja, na wachache sana huuliza wapangaji waliomo wamelipa hadi lini. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni fundi umeme, na hatukuwa na mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuishi kwa kupangisha. Tulichokijua tulikijua kama wapangaji, maana tulipanga kwa miaka 11 kabla ya kujenga kwetu. Tuliamini kwamba aliyekaa upande mmoja wa mlango muda wote huo anaujua na upande wa pili, na katika hilo tulikosea.

Kwa upande wa ardhi tulikuwa waangalifu, na ninashukuru hadi leo. Nyumba ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa Kitunda, nzuri kuliko hii na ya bei nafuu zaidi, ila iliuzwa na kijana mmoja kwa niaba ya ndugu zake watano baada ya baba yao kufariki. Tulipomwomba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, alisema ndugu wote wamekubaliana na kwamba mambo ya mahakama yangetuchelewesha. Tuliondoka. Mtu mmoja kati ya warithi hawezi kuuza mali ya marehemu kwa sababu tu wengine wamenyamaza, na aliyenyamaza leo anaweza kuzungumza kesho akiwa na wakili.

Nyumba ya Gongo la Mboto ilikuwa na leseni ya makazi, si hati miliki, jambo ambalo ni la kawaida katika maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa. Tulikwenda Manispaa ya Ilala, kama ilivyoitwa wakati huo, kuhakikisha kwamba jina la kwenye leseni ndilo la muuzaji na kwamba haijawekwa dhamana mahali. Tuliuliza pia kuhusu hifadhi ya barabara, kwa kuwa hakuna mkazi wa jiji hili aliyesahau nyumba zilizobomolewa mwaka 2017 kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya. Majirani wa pande zote walikuja kuonyesha mipaka. Mke wa muuzaji alisaini mbele ya wakili, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na ingawa wao hawakuwa wakiishi pale, wakili wetu alisema ni heri sahihi ya ziada kuliko kesi ya ziada. Katika yote hayo hatukukosea, na hakuna aliyewahi kutusumbua kwa ardhi. Tulikosea katika hesabu.

Nyumba ilikuwa shilingi milioni 28. Milioni 16 tulikuwa nazo, akiba ya miaka tisa pamoja na fedha za kiwanja tulichouza Chanika, na milioni 12 nilikopa kwenye SACCOS ya kazini, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi ya salio, kwa miezi 60. Makato yake yalikuwa karibu shilingi 267,000 kila mwezi kutoka kwenye mshahara wangu. Vyumba sita kwa shilingi 45,000 vinatoa shilingi 270,000. Nakumbuka jioni niliyoziandika namba hizo mbili moja juu ya nyingine, 270,000 na 267,000, na jinsi nilivyomwita mume wangu aje aone. Nyumba itajilipa yenyewe, nilimwambia. Wapangaji watalipa mkopo, na baada ya miaka mitano tutabaki na nyumba bila jasho letu. Hesabu ile ilikuwa nzuri mno kutazama, na nadhani uzuri wake ndio ulionizuia kuuliza kilichokosekana ndani yake.

Miezi minne ya mwanzo nililipa mkopo kwa mshahara mtupu, kasoro kodi ya vyumba viwili. Kisha, kuanzia mwishoni mwa Januari 2020 hadi Machi, muda wa wapangaji wanne waliorithiwa ukaisha mmoja baada ya mwingine, na wote wakalipa upya miezi sita. Katika kipindi cha wiki saba ziliingia mikononi mwangu shilingi 1,080,000. Kwa mtu aliyekuwa akibanwa, fedha hizo zilikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Nyuma ya nyumba, uani, kulikuwa na nafasi ya kutosha vyumba viwili vya masta, yaani vyenye choo ndani, ambavyo kwa mtaa ule vingepangishwa kwa bei karibu mara mbili ya vyumba vya kawaida. Nikaagiza tofali 400 za inchi sita, mifuko 15 ya saruji, mchanga lori moja, na kumlipa fundi nusu ya ujira wa kuchimba msingi. Kufikia katikati ya Machi sikuwa na hata shilingi moja ya ile kodi, na wapangaji wote wanne walikuwa bado wana haki ya kuishi mle hadi Julai, Agosti na Septemba.

Jambo ambalo sikuwa nimelielewa, na ambalo ndilo kiini cha yote ninayoandika hapa, ni kwamba kodi ya mbele ni deni. Mpangaji anapokukabidhi shilingi 270,000 za miezi sita, siku hiyo ni 45,000 tu ambayo unaanza kuitolea huduma. Zile 225,000 zilizobaki ni fedha zake alizokutunzisha, akiamini kwamba mwezi wa tatu paa halitavuja, mwezi wa nne choo kitafanya kazi, na mwezi wa tano wewe mwenyewe utakuwa bado unapokea simu. Muuzaji wangu alikula deni akaniachia nilipe. Nami nilikuwa nalalamika dhidi yake huku nikifanya vilevile, tofauti ikiwa kwamba atakayelipa deni langu ni mimi mwenyewe wa miezi michache ijayo.

Masika ya mwaka ule yalinyesha kwa nguvu. Usiku mmoja wa Aprili, saa tano kasoro, yule mama muuza chapati alinipigia. Hakuzunguka. Alisema mfuniko wa zege wa shimo la choo umeinama upande mmoja, maji machafu yanapanda uani na yameshafika kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, na watoto wa chumba cha nne amewapandisha kitandani kwake. Tulifika na mume wangu saa sita usiku kwa bodaboda mbili. Mwanga wa simu ulionyesha uani mzima ukiwa umefunikwa na maji meusi yenye povu, na juu yake zilielea ndala, ndoo ya mtu ya kufulia, na zile karatasi za mifuko ya saruji yangu. Tofali zangu 400 zilikuwa zimepangwa vizuri ukutani, kavu kuanzia safu ya tatu kwenda juu. Wapangaji walikuwa wamesimama koridoni wakitutazama, na hakuna aliyenena neno baya. Ukimya wao uliniumiza zaidi kuliko ambavyo matusi yangeniumiza.

Asubuhi tuliita gari la maji taka. Halikuweza kuingia kwa sababu kichochoro ni chembamba, likaegeshwa barabarani, na dereva akaunga mipira hadi uani, kwa gharama ya ziada bila shaka. Safari moja ilikuwa shilingi 120,000, na zilihitajika mbili. Shimo lilipokuwa tupu, fundi alishuka kwa ngazi akapanda na habari kwamba ukuta wa upande wa mashariki umeporomoka, maana shimo lilijengwa kwa tofali chache na bila mkanda wa zege, na kwamba kulikarabati ni kutupa fedha. Lichimbwe jipya. Ndipo zile tofali nilizokusudia zisimame ziwe vyumba viwili vya masta zikashushwa ardhini, moja baada ya moja, kuwa ukuta wa shimo la choo, na saruji iliyookoka ikaenda hukohuko. Mbali na vifaa hivyo nililipa shilingi 830,000 za kuchimba, nondo, saruji ya nyongeza na ufundi. Jumla na magari ikawa 1,070,000, karibu sawa na kodi niliyokuwa nimeipokea na kuimaliza. Milioni moja nilikopa VICOBA. Kwa siku 11 wapangaji wangu walitumia choo cha nyumba ya jirani, kwa mpango uliofanywa na mama wa chapati, ambaye aliwagawia zamu na kuwasimamia usafi wake bila mimi kumwomba. Nilimsamehe kodi ya mwezi mmoja. Alikataa mara mbili kabla ya kukubali.

Mtu akiniuliza nyumba ya kununua inaangaliwaje, siku hizi namwambia aanzie chooni. Rangi ya ukuta, gipsamu na tailizi ni vitu anavyoviona hata asiyenunua. Aulize shimo lina umri gani, linajaa baada ya muda gani, gari la maji taka hufika wapi, na maji ya mvua ya mtaa mzima yanaelekea upande gani, na ikiwezekana aende kuitazama nyumba wakati mvua inanyesha. Sisi tulikwenda mara nne kuitazama nyumba ile, na mara zote nne jua lilikuwa likiwaka.

Mwezi huohuo nilikabiliwa na uamuzi mwingine, na huu haukuwa wa tofali. Katika chumba cha tano aliishi mwalimu wa shule binafsi ya msingi, binti mpole mwenye mtoto mmoja. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, na mwajiri wake akasitisha mishahara kwa kuwa ada hazikulipwa. Kodi yake iliisha mwisho wa Aprili. Alikuja kwangu kazini, akanisubiri nje ya wodi hadi nilipomaliza zamu, akaniambia, "Dada, sina, na sitaki kukudanganya kwamba kesho nitakuwa nayo." Watu wawili wenye nyumba za kupangisha mtaani kwetu walinishauri nimpe wiki moja kisha ning'oe mlango, kwa maelezo kwamba mpangaji akishazoea kukaa bure hatoki. Nilikuwa na deni la VICOBA na makato ya mkopo, na siwezi kusema kwamba ushauri ule haukunipitia moyoni. Mume wangu ndiye aliyeuliza swali lililotufaa: akitoka, nani anaingia? Mwezi ule hakuna aliyekuwa akitafuta chumba. Mlango ukiung'oa unabaki na chumba kisicho na mlango.

Tuliandikiana. Alikaa Mei na Juni bila kulipa. Shule za msingi zilifunguliwa Juni 29, naye kuanzia Julai akawa analipa mwezi kwa mwezi, akiongeza shilingi 15,000 za deni, na deni lake la 90,000 likaisha Desemba kama tulivyokubaliana. Sisemi kila mpangaji hufanya hivyo. Mwaka 2021 yupo aliyenikwepa miezi mitatu, na mwenyekiti wa mtaa alipotusuluhisha bila mafanikio tulikwenda Baraza la Kata, akahama bila kulipa chochote. Lakini hata kwa huyo sikugusa mlango wala bati. Nyumba ni yangu, ila chumba alichopangishwa mtu, kwa muda aliopangishwa, ni makazi yake, na vyombo vya kuamua ugomvi huo vipo.

Kosa lililonigharimu zaidi katika kuchagua mpangaji lilitokana na tamaa ileile ya fedha za mbele. Mwishoni mwa 2020 dalali alimleta kijana aliyetaka kulipa mwaka mzima iwapo ningempunguzia hadi 40,000 kwa mwezi. Zilikuwa 480,000 taslimu, na deni la VICOBA lilikuwa halijaisha. Sikumuuliza alikotoka wala sikumpigia mwenye nyumba wake wa zamani. Chumba akakifanya ghala la mkaa. Magunia yaliingia alfajiri na kutoka usiku, vumbi jeusi likatanda korido yote, na mama mwenye mtoto mchanga wa chumba cha pili akahama kwa sababu ya kifua cha mwanawe. Nilipotaka kumwondoa, aliniambia jambo la haki kabisa: nirudishie miezi yangu tisa. Sikuwa nayo. Nikamvumilia miezi tisa, na kupaka rangi upya kuligharimu zaidi ya punguzo nililompa. Tangu hapo sipokei zaidi ya miezi sita, na kwa mpangaji mgeni napendelea mitatu, ingawa madalali hunishangaa.

Baada ya choo na mkaa ndipo nilipokaa na kuandika hesabu ambayo ilipaswa kuandikwa kabla ya kununua. Kodi ya mwaka mzima, vyumba vyote vikiwa na watu, ni shilingi 3,240,000. Lakini kwa uzoefu wa mtaa ule, katika mwaka hupotea walau miezi miwili ya chumba kati ya mmoja anayehama na mwingine anayeingia, hivyo zinabaki 3,150,000. Lugha yetu inatumia neno moja, kodi, kwa anachokulipa mpangaji na kwa kile unachoilipa Serikali, na mwenye nyumba mpya anaweza kuisahau ile ya pili kwa furaha ya ile ya kwanza. Niliitengea asilimia 10, yaani 315,000. Matengenezo niliyawekea 600,000, kwa kuwa nyumba ni ya zamani. Gari la maji taka, usafi na ada ndogondogo zilikula 135,000. Kilichobaki ni shilingi 2,100,000 kwa mwaka, ambazo ni 175,000 kwa mwezi. Mkopo ulikuwa 267,000. Maana yake ni kwamba katika miaka yote mitano mshahara wangu ulikuwa lazima uchangie 92,000 kila mwezi ili nyumba "iliyojilipa yenyewe" isimame. Kama ningeijua namba hiyo mapema bado ningenunua, kwa sababu naipenda ile nyumba na mtaa wake. Ila ningekopa milioni nane badala ya 12, na ningesubiri mwaka mmoja zaidi kupata zilizobaki.

Pamoja na hesabu hiyo nilifungua akaunti ya pili ya benki, kwa ajili ya kodi za mbele pekee. Mpangaji akilipa miezi sita, fedha zote zinaingia humo, na kila tarehe moja nahamisha mwezi mmoja tu kwenda kwenye matumizi. Mwanzoni ilikuwa mateso. Kuona shilingi 800,000 zimelala huku nadaiwa ada ya mtoto kulinitaka uvumilivu ambao sikujua kwamba ninao. Lakini paa lilipovuja mwaka 2021, bati nne zilinunuliwa siku ileile, na sikumpigia mtu simu ya kukopa.

Umeme ulituchosha kwa namna yake. Nyumba nzima ilikuwa na mita moja ya LUKU, na vyumba sita vilichanga. Mwenye friji na mwenye taa moja walitoa sawa, na mwenye taa moja hakukosa kusema. Kuanzia 2021 kodi ya majengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Aliyenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye aliyekatwa, na kodi ile ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Kiasi ni kidogo, lakini nimeona udugu wa korido ukivunjika kwa shilingi 1,000. Nilianza kununua mwenyewe umeme wa kwanza wa kila mwezi ili makato yaniangukie mimi, na baadaye mume wangu akafunga mita ndogo kwenye kila chumba, kila mtu akasoma matumizi yake. Kama kuna fedha niliyotumia kwenye nyumba ile ikaleta amani haraka, ni hiyo.

Mwaka 2022, sheria ilipopanuliwa ili hata mpangaji mtu binafsi awe na wajibu wa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA, wapangaji wangu walikuja kwa hofu kwamba wameongezewa mzigo. Niliwaeleza, mkono ukiwa kwenye daftari, kwamba fedha ile inatoka kwenye kodi yangu na sitaipandisha ili kuifidia, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuitenga tangu zamani. Mwenye nyumba ambaye hakuitenga alikuwa na maneno magumu zaidi ya kusema.

Vyumba vya masta viwili havikujengwa. Kilijengwa kimoja, mwishoni mwa 2022, kwa fedha ambazo miezi yake ilikuwa imekwisha kuisha, kikiwa na choo kinachoelekea kwenye shimo jipya. Kinapangishwa kwa 90,000. Ujenzi wa barabara ya mwendokasi kuja Gongo la Mboto ulipoanza, madalali walinihimiza nipandishe bei zote mara moja, wakisema magari yakianza kupita watu wa mjini watavigombania vyumba. Nilipandisha hadi 55,000, kwa wapangaji wapya kwanza, na kwa wa zamani pale mikataba yao ilipokwisha na baada ya kuwapa taarifa miezi mitatu kabla. Huenda nimeacha fedha mezani. Lakini mpangaji anayekaa miaka minne hanipotezei hata mwezi mmoja wa chumba kitupu, na mimi nimeshaziandika namba za chumba kitupu.

Mikataba yangu sasa ni kurasa mbili, na kifungu ninachokisoma kwa sauti kabla ya mtu kusaini ni kile kinachosema kwamba akihama kabla ya muda, kwa taarifa ya mwezi mmoja, nitamrudishia kodi ya miezi ambayo hajaitumia. Wenye nyumba wenzangu wameniambia kwamba ninaharibu soko.

Agosti 2023 mama wa chapati alinipigia, mchana safari hii. Binti yake aliyeolewa Morogoro alikuwa amejifungua mapacha na alimhitaji, na yeye mwenyewe magoti yalikuwa yamechoka kusimama jikoni tangu saa kumi alfajiri. Alitaka kuhama mwisho wa Septemba. Kodi yake ilikuwa imelipwa hadi Novemba, na hakuniomba chochote. Alipiga simu kuaga. Nilimwambia nitakuja Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Nilikuta chumba kimefagiliwa, kuta zimepanguswa, na virago vyake viko koridoni karibu na kile kigoda. Nilimhesabia shilingi 110,000, miezi miwili ya Oktoba na Novemba, fedha zilezile alizonikabidhi Juni, kwa kuwa zilikuwa hazijagusika. Alizitazama, akanitazama, akasema, "Mwanangu, na risiti?" Akafungua mkoba akatoa karatasi yangu, ameikunja mara nne. Niliiandika nyuma kwamba nimemrudishia, nikaweka tarehe, akasaini kwa mkono wa polepole, kisha nikamsaidia kubeba kapu hadi kituoni.